Maandiko, Mali na Sadaka

Hakuna kitabu kilichotwishwa mizigo ya haja za watu kuliko Biblia. Tajiri hukifungua akapata idhini. Maskini hukifungua akapata ahadi. Mtawala hukifungua akapata amri. Jambo hili halistaajabishi sana, kwa kuwa kitabu chenyewe kiliandikwa na mikono mingi katika muda wa karne nyingi, na yamo ndani yake maneno ya wafalme na maneno ya wachungaji wa mbuzi. Linalostaajabisha ni kwamba kila mmoja wa wasomaji hao huondoka akiamini kuwa hakuleta kitu, bali amepokea tu. Je, upo mpaka kati ya kufasiri na kupinda? Na kama upo, hutambulikana kwa alama gani?

Swali hili sikuanza kuliuliza katika chumba cha masomo. Lilinijia Kihanga, katika nchi ya vilima vya Karagwe, Jumapili moja baada ya ibada. Kama ilivyo desturi ya huko, wasio na fedha walikuwa wametoa sadaka ya vitu: mikungu ya ndizi, maharage, mayai, jogoo mmoja aliyefungwa miguu, na vikapu viwili vya buni. Ibada ilipokwisha vitu hivyo vilinadiwa uwanjani. Mfanyabiashara mmoja wa kahawa aliununua mkungu mmoja kwa bei iliyopita mara nyingi bei ya sokoni, watu wakapiga vigelegele, na mhubiri akasema hadharani kuwa huyu ndiye mtumishi mwema wa mfano wa talanta, aliyepewa tano akaleta tano zaidi. Mzee aliyeketi karibu nami, ambaye zamani alikuwa kiongozi wa chama kijijini, alitikisa kichwa akaniambia kwa sauti ndogo kuwa siku zao wao walikuwa wakisomewa Matendo ya Mitume, na siku hizi sisi twasomewa talanta.

Neno la mzee huyo lilinichoma kuliko alivyokusudia. Alisema kweli kwamba Maandiko ni yale yale, na ukurasa ndio unaobadilika kwa kufuata majira ya siasa. Lakini mimi nilichomwa na talanta zenyewe, kwa sababu zilinisomesha.

Yanipasa kueleza. Mkoani Kagera ipo biashara iitwayo butura. Mkulima mwenye shida huiuza kahawa yake kabla haijaiva, pengine ingali maua. Karo hudaiwa mwezi wa Januari. Kahawa huvunwa miezi mingi baadaye. Na ugonjwa hauna majira. Kwa hiyo mwenye fedha humpa mwenye shida fedha leo, na wakati wa mavuno huchukua buni kwa bei iliyokatwa siku ya shida, ambayo aghalabu ni sehemu ndogo tu ya bei ya msimu. Serikali imeikataza mara nyingi, na vyama vya ushirika vimeilalamikia, walakini ingalipo, maana shida haijakatazwa. Baba yangu mkubwa, aliyenilea, alikuwa mtu wa dini na mtu wa butura. Alikuwa na daftari la majina ya wadeni wake, na juu ya ukurasa wa kwanza aliandika kwa mkono wake mwenyewe: Mathayo 25:27. Huo ndio mstari ambao bwana amwambia mtumishi mvivu kuwa ilimpasa kuiweka fedha kwa watoa riba ili izae. Baba mkubwa hakuwa mnafiki. Alisali asubuhi na jioni, hakunywa, hakumpiga mtu, na katika harambee za kanisa jina lake halikukosekana. Aliamini kabisa kuwa Mungu alimkabidhi fedha, na kwamba kuzizalisha ni utii. Karo zangu za sekondari zilitoka katika daftari hilo.

Miaka mingi ilipita kabla sijausoma mfano huo kwa makini ya mtu asiyetaka kitu kutoka kwake. Mtumishi wa tatu amshitaki bwana wake kuwa ni mtu mgumu, avunaye asipopanda. Bwana hakanushi. Sasa, ni nani avunaye asipopanda kuliko mwenye butura, aingiaye shambani kwa mwenzake na kuchuma kahawa aliyoinunua ingali ua? Baba mkubwa alijiona yuko katika nafasi ya mtumishi mwema. Wadeni wake, lau wangaliulizwa, wangalimwona katika nafasi ya bwana. Tena, kitabu hicho hicho, katika Kutoka 22, Walawi 25 na Zaburi ya 15, chakataza kumtoza ndugu maskini riba. Baba mkubwa alizijua sura hizo. Alipoulizwa alijibu kuwa butura si riba, ni biashara ya kahawa.

Wapo wafasiri wa siku hizi wanaougeuza mfano huu juu chini. Wasema shujaa wake ni mtumishi wa tatu, aliyekataa kushiriki katika dhuluma ya bwana wake. Fasiri hiyo yanipendeza moyoni, na kwa ajili hiyo naiogopa. Mathayo aliuweka mfano huu kati ya mafundisho ya kukesha na kungojea, baada ya wanawali kumi na kabla ya hukumu ya kondoo na mbuzi. Haelekei kuwa alikusudia kutufundisha kanuni za benki, wala kanuni za kuzipinga benki. Mtu achukiaye utajiri aweza kuupinda mstari kama yule aupendaye. Hata lugha yetu imeupinda: talanta, ambayo zamani ilikuwa uzito mkubwa wa fedha, kwetu sasa ni kipawa cha kuimba au cha kucheza mpira.

Tuutazame mstari mwingine, maana huu umesafiri mbali. Mtume Paulo, katika waraka wa pili kwa Wathesalonike, aliagiza kwamba mtu asiyetaka kufanya kazi asipewe chakula. Lenin aliutumia usemi huo mwaka 1917 dhidi ya matajiri waishio kwa jasho la wengine, na ukaingia katika katiba ya Urusi ya 1918 na ile ya Muungano wa Sovieti ya 1936. Mwaka 1988, huko Edinburgh, Margaret Thatcher aliuleta mbele ya mkutano mkuu wa Kanisa la Scotland kutetea uchumi wa watu binafsi na wajibu wa kila mtu kujitafutia riziki yake. Mstari mmoja, mabwana wawili ambao wasingalikaa meza moja. Na kwetu Tanzania usemi wa kwamba asiyefanya kazi asile ulikuwa maarufu vinywani mwa viongozi, ukifuatana na ile mithali yetu ya mgeni kupewa jembe siku ya tatu, ambayo Mwalimu Nyerere aliitumia mwaka 1962 alipoeleza msingi wa Ujamaa. Sheria ya mwaka 1983, iliyojulikana kwa jina la Nguvu Kazi, ilitekelezwa kwa kuwakamata wachuuzi na vijana wa mijini na kuwarudisha mashambani, kana kwamba mtu auzaye karanga juani kutwa hafanyi kazi.

Ni neno moja dogo lililopotea safarini. Paulo alisema asiye*taka*. Usemi wa kisiasa wasema asiyefanya. Kati ya kutotaka na kutofanya wamo wagonjwa, wazee, vilema, wajane wenye watoto wachanga, na wote waliotafuta kazi wakaikosa. Azimio la Arusha lenyewe, nalisema kwa haki yake, liliwatoa watoto, wazee na wasiojiweza katika wajibu wa kazi. Lakini azimio ni maandishi, na usemi ni fimbo, na fimbo haisomi vifungu. Halafu lipo jambo ambalo hata wasomi hulisahau: Paulo hangekuwa na sababu ya kuagiza fulani asile kama kusanyiko la Thesalonike halikuwa na desturi ya kulisha watu wake. Amri ile ni kanuni ya ndani ya jamaa wanaokula pamoja. Anayeing'oa humo na kuipanda mahali pasipo na chungu cha pamoja ametengeneza amri mpya, hata kama herufi zake ni zile zile.

Kutumia Maandiko kwa faida si jambo la jana. Mwaka 1969 Mwalimu Nyerere alitoa tafsiri ya tamthilia ya Shakespeare aliyoiita *Mabepari wa Venisi*. Humo mkopeshaji Shylock aeleza jinsi Yakobo alivyozalisha kondoo wa Labani, ili kuhalalisha riba yake, na Antonio, mfanyabiashara, ajibu kuwa hata Ibilisi aweza kunukuu Maandiko kwa haja yake. Lakini tuitazame anwani. Kiingereza kilitaja mfanyabiashara mmoja. Kiswahili kikawa na mabepari, wengi, katika mwaka wa pili baada ya Azimio. Bepari katika Kiswahili cha zamani alikuwa mchuuzi tu, mtu wa biashara; kufikia 1969 neno lilikwisha kuwa tusi. Basi mfasiri wa tamthilia iliyomo onyo juu ya kufasiri kwa faida ya nafsi naye alitia siasa yake katika jalada. Sisemi haya kumdhihaki. Nasema kuonyesha kwamba hakuna atakayenyoosha mkono akasema mimi nasoma tu, sifasiri.

Nyerere alikuwa Mkatoliki wa sala za kila siku, na katika uzee wake alizitia Injili nne na Matendo ya Mitume katika tenzi, zikachapwa Ndanda mwaka 1996. Mtu kama huyo angeweza kwa urahisi kuujenga Ujamaa juu ya Matendo 2 na 4, ambapo waumini wa kwanza wauza mashamba na kuwa na vitu vyote shirika. Walakini alipoandika utangulizi wa kitabu chake cha *Uhuru na Ujamaa* mwaka 1968, alikataa. Alisema ujamaa wahusu maisha ya watu katika dunia hii, wala haumdai mtu imani juu ya Mungu. Na aliwaonya vilevile wale waliotaka kuugeuza ujamaa uwe dini, maandiko ya Marx na Lenin yakiwa Biblia yake. Kwa kanisa alisema kwa lugha nyingine. Mwaka 1970, huko New York, mbele ya watawa wa Maryknoll, alisema kuwa kanisa lisiloshiriki katika kuipinga miundo inayowafukarisha watu litapoteza maana, kwa sababu mtu aliyeumbwa kwa sura ya Mungu haiwi atakiwe kuishi katika unyonge. Hapo alifasiri, bila shaka. Alifasiri Mwanzo sura ya kwanza. Lakini aliwafasiria watu wa imani yake mwenyewe, wala hakuifanya fasiri hiyo kuwa sheria ya nchi yenye Waislamu na wafuasi wa mila.

Mtu wa pili nimtakaye ni wa karibu zaidi na Kihanga. Christopher Mwoleka alikuwa Askofu wa Rulenge tangu 1969 hadi 1996, na Karagwe yote ilikuwa ndani ya jimbo lake, kabla ya jimbo la Kayanga kuundwa mwaka 2008. Mwoleka alifundisha jambo ambalo wanateolojia wengi waliliona geni. Alisema Utatu Mtakatifu si kitendawili tulichopewa tukitegue, bali ni mfano tuliopewa tuuige: Nafsi tatu hushirikiana vyote, na mwanadamu ameitwa kushirikiana vyote. Ujamaa kwake ulikuwa njia ya kuiga. Je, hii si kuipinda imani ili ifuate siasa ya wakati ule? Wengi walisema ndivyo. Lakini Mwoleka hakuishia katika kufundisha. Alikwenda kukaa katika kijiji cha Ujamaa cha Nyabihanga, akalima pamoja na wanakijiji, akala walichokula. Fasiri yake ilimgharimu nyumba, muda, na heshima mbele ya baadhi ya wenzake.

Hapa ndipo nilipodhani kuwa nimeipata alama niliyoitafuta. Nilijisemea: tazama ni nani alipaye gharama ya fasiri. Fasiri ya baba mkubwa ililipwa na wadeni wake. Fasiri ya Mwoleka ililipwa na Mwoleka. Aliyelipa mwenyewe amefasiri. Aliyewalipisha wengine amepinda. Nilipendezwa na kanuni hiyo kwa muda mrefu, nikaifundisha.

Mwanafunzi mmoja aliivunja kwa swali. Aliuliza: na wale waliohamishwa? Mnamo Novemba 1973 ilitangazwa kuwa kuishi vijijini ni amri, na kazi iwe imekamilika kufikia 1976. Watu wengi nchini waling'olewa katika migomba na mibuni yao, wengine nyumba zao zikabomolewa. Mwoleka alikwenda kijijini kwa hiari, wao walipelekwa. Waliohubiri katika miaka ile kuwa kijiji ni kanisa la kwanza la Yerusalemu lililorudi walifanya hivyo kwa nia njema, na huenda baadhi yao walikuwa wamejinyima sana. Kujinyima kwao hakukuwarudishia waliohamishwa mibuni yao. Mtu aweza kulipa gharama yake kamili na bado akawalipisha wengine gharama ambayo hawakuikubali.

Na ilikuwa imeandikwa. Katika Matendo 5, Anania auza kiwanja, azuia sehemu ya fedha, na kusema ametoa yote. Petro amkemea, lakini kwanza amkumbusha kwamba kiwanja kilikuwa chake kabla ya kuuzwa, na baada ya kuuzwa fedha ilikuwa katika uwezo wake. Kosa lake lilikuwa uongo, halikuwa kumiliki. Wahubiri wa ushirika wa lazima waliisoma sura ya nne, wakafunga kitabu.

Msomaji mwenye mali asifurahi upesi. Wapo waliofungua kitabu hapo hapo kwa Petro na kutangaza kwamba, kwa kuwa Anania hakulazimishwa, basi kumsaidia maskini ni jambo la hiari tupu, la moyo wa mwenye nacho, wala serikali wala jirani hana neno. Thatcher alisema mwaka 1980 kuwa Msamaria mwema asingalikumbukwa lau angalikuwa na nia njema tu. Alikuwa na fedha pia. Ni kweli alikuwa nazo. Lakini katika Luka 10 kuhani na Mlawi hawakumpita majeruhi kwa kukosa fedha. Na kabla ya Luka ilikuwako Torati. Walawi 19 na Kumbukumbu la Torati 24 zamwamuru mwenye shamba asivune pembe za shamba lake, wala asirudie mganda aliousahau, wala asipukuse mzeituni mara ya pili; masalio ni ya mgeni, yatima na mjane. Masalio hayo hayakuwa zawadi. Mjane aliingia shambani kuchukua kilicho chake, bila kupigiwa vigelegele na bila kumshukuru mtu.

Hata ule mstari upendwao mno, kwamba maskini tutakuwa nao siku zote, umekatwa mkia na kichwa. Marko auongezea kuwa twaweza kuwatendea mema wakati wowote tupendapo. Na chimbuko lake, Kumbukumbu la Torati 15, lasema kuwa maskini hawatakoma katika nchi, *kwa hiyo* fumbua mkono wako. Wenye kuutumia huacha hilo "kwa hiyo" nyuma. Na mistari michache juu yake, sura hiyo hiyo yatamani pasiwe na maskini kabisa.

Lugha yetu nayo ina ushahidi. Sadaka ni neno tulilolipata kwa Waarabu, nalo kwao lina undugu na neno la ukweli. Waebrania wana neno la shina hilo hilo, na kwao maana yake ya kwanza ni haki. Kumpa maskini kukaja kuitwa kwa jina hilo. Kiswahili cha Biblia ya 1952 nacho kimetumia haki mahali ambapo lugha nyingine hutumia neno la utakatifu wa mtu mbele ya Mungu, hata wenye heri ni wale wenye njaa na kiu ya haki. Mkulima wa Kihanga asikiapo mstari huo hafikirii utakatifu. Afikiria mizani ya mnunuzi wa buni. Sidhani kuwa amekosea, ingawa sidhani pia kuwa amemaliza.

Wakati mwingine mtu hupinda kwa kulainisha. Ngamia na tundu la sindano wamesumbua matajiri tangu zamani. Yasemwa na wengine kuwa Tundu la Sindano lilikuwa lango dogo la Yerusalemu, ngamia akipiga magoti hupita. Lango hilo halina ushahidi wa kale. Wengine wasema neno la Kiyunani lilikuwa kamba, si ngamia. Waislamu wana mfano wa namna hiyo katika Suratul Aaraf, aya ya 40, na huko pia wako waliosoma kamba. Mzee wa Kihanga niliyemtaja, asiyemwona ngamia maishani mwake, aliniambia kuwa yeye humfikiria ng'ombe wa Karagwe, na kwamba hata mwili ukipita, pembe hazitapita. Katika fasiri zote nilizosoma juu ya ngamia huyo sijakutana na iliyo bora.

Kanuni yangu ya gharama imebaki nusu. Mwenye kufasiri alipe, naam. Lakini pia amwulize yule ambaye fasiri itamwangukia, na amsikilize akijibu vibaya. Mwoleka aliwauliza watu wa Nyabihanga kwa kuishi nao. Baba mkubwa hakuuliza. Mimi nami sikuuliza, nami nilikuwa nikisoma kwa fedha hizo falsafa ya maadili.

Baba mkubwa amekufa, na daftari ninalo. Majina mengi ni ya marehemu. Mwaka jana, nilipokuwa Kihanga, nilimtafuta mama mmoja ambaye jina lake limo katika ukurasa wa kwanza, madebe matatu ya buni, mwaka niliokuwa kidato cha pili. Nilikuwa nimekokotoa tofauti ya bei kadiri nilivyoweza. Nilimwamkia, akanikaribisha, nikampa bahasha kwa mikono miwili. Akaniuliza, "Hii ni sadaka, mwanangu, au ni deni?"

Nikamwambia, "Ni deni, mama."

Akaketi, akazihesabu noti zote, kisha akaniambia kuwa hazijatimia, kwa sababu mwaka ule yalikuwa madebe manne.